Ngano Haikungoja Nijifungue

Mabinti zangu mnaosomea mimea, juzi niliitwa kwenye ukumbi mmoja hapa Eldoret nizungumze na vijana. Nilikaa mbele pamoja na mwenzangu mwanamume, niliyestaafu naye mwaka mmoja. Yeye ana watoto watano, mimi watatu. Aliyekuwa akiongoza mazungumzo akamuuliza yeye kuhusu ukame na mbegu za miaka ijayo. Akaja kwangu, akaniuliza niliwezaje kuwa mama na mtafiti kwa wakati mmoja, na nyumbani nani alikuwa anapika. Nikajibu kwa adabu. Nikasema ni Mungu, ni mume wangu, ni kujipanga. Watu wakapiga makofi. Nilifika nyumbani na hasira hata chai haikushuka, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilijibu lile swali upya kila nikiosha vyombo. Sasa nimeamua kuandika jibu lenyewe. Halina adabu sana.

Kwanza mjue kazi yangu ilikuwa gani. Nilikuwa mzalishaji wa mbegu za ngano katika kituo cha utafiti nje ya mji. Ua la ngano lina kiume na kike mahali pamoja, na ukiliacha litajichavusha lenyewe. Kama unataka kuoanisha ngano hii na ile, lazima ufike mapema. Unakaa chini kati ya mistari, unashika suke, unakata ncha za maganda kwa mkasi mdogo, kisha kwa kibano unatoa vifuko vitatu vya chavua kutoka kwa kila ua, kimoja kimoja, bila kuvipasua. Vikiwa vya kijani, uko sawa. Vikianza kuwa vya manjano, umechelewa, nenda suke lingine. Ukimaliza unalifunika suke kwa mfuko wa karatasi, na baada ya siku mbili tatu unarudi na chavua ya ile ngano nyingine. Siku hizo zikikupita, unangoja msimu mwingine mzima. Ngano haijui Jumapili, haijui mazishi, na haijui kama una mimba.

Chuo kikuu hakikunifundisha hayo. Nilitoka huko na shahada mbili na vidole kama ndizi. Aliyenifundisha ni Mzee Songok, fundi wa shamba, mtu aliyeacha shule darasa la saba na ambaye angeweza kusafisha suke zima huku akikueleza habari za ng'ombe wake. Aliniambia niegemeze kiwiko kwenye goti ndipo mkono utulie. Aliniambia nianze asubuhi umande ukikauka, kabla jua halijapasha maua. Na aliniambia niandike vibandiko kwa penseli. Hilo la penseli nililiona la kizamani. Nilikuwa na kalamu nzuri ya wino niliyopewa siku ya mahafali, nikaitumia. Mvua ya Agosti mnaijua. Baada ya wiki moja nilikuwa na masuke sitini yaliyofunikwa vizuri sana, na hakuna hata moja lililojua wazazi wake. Mzee Songok alipita akavitazama vile vibandiko vyeupe, akatoa kipande cha penseli nyuma ya sikio, akaniwekea mkononi, akaenda zake. Hakunicheka mbele yangu. Alienda kunichekea nyuma ya ghala, na nilimsikia.

Sasa tuje kwa mkuu wetu. Sitamtaja jina. Tulimwita Mkubwa, na yeye alipenda. Nilipoenda ofisini kumwambia nina mimba ya kwanza, aliuliza, "Sasa tutafanyaje na wewe?" Kama vile nimemletea mashine iliyoharibika. Nikamwambia kazi itaendelea. Nilikuwa na oanisho nililolipangia miaka miwili: nilichukua ngano moja ndefu ya zamani, ambayo wakulima walikuwa wameiacha kwa sababu inaangushwa na upepo lakini haikuwahi kushikwa na kutu ya shina, nikaioanisha na ngano fupi ya kisasa yenye mavuno mazuri. Kutu ni ugonjwa wa kuvu. Unaingia shambani leo, na baada ya wiki chache huna ngano, una majani makavu.

Miezi ilivyokwenda sikuweza tena kuchuchumaa. Mzee Songok alichukua kiti cha ofisi kilichokuwa kimevunjika mgongo, akakikata miguu, nikawa nakaa chini kati ya mistari na tumbo langu mbele kama nimebeba debe. Wiki hiyo hiyo ikaja barua ikiuliza ni nani ameharibu kiti cha kituo. Hakuna barua iliyokuja kuuliza kama nimekula.

Nilimaliza oanisho la mwisho Jumatatu. Chepkoech akazaliwa Ijumaa. Mume wangu alikuwa mwalimu kule Lodwar na hangefika mpaka shule zifungwe. Siku hizo likizo ya uzazi ilikuwa miezi miwili, na ukiichukua, ile likizo yako ya mwaka umeisahau, ni kana kwamba kujifungua ni kwenda kupumzika. Nilikuwa nimepanga chumba kule Langas. Mama mkwe wangu akaja kutoka Sugoi kunisaidia, akiwa na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na maoni mengi.

Mtoto alikuwa na wiki tatu Mzee Songok alipofika kwa baiskeli, nguo zake za kazi zimejaa nyasi. Alikataa kukaa. Alisema Mkubwa amepata wageni wakubwa wanaokuja kutembelea kituo, anataka mahali pa kupiga hema karibu na barabara, na ameagiza trekta ifyeke kipande changu. Nikamuuliza kipande kipi. Alisema, "Chote, Madam." Kisha akafungua gunia alilokuwa amefunga kwenye baiskeli. Ndani kulikuwa na masuke kumi na moja na mashina yake marefu, kila moja na mfuko wake na kibandiko chake cha penseli. Mzee wa umri ule alikuwa amekimbia mbele ya trekta na kisu cha mfukoni, akikata alichoweza.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda. Mama mkwe alinikataza, kwa sababu mama wa wiki tatu hatoki hivyo, na alikuwa na haki. Nilikuta hema limeshapigwa. Viti vya plastiki vimepangwa juu ya kazi yangu ya miaka miwili. Mkubwa alikuwa anaonyesha watu mahali pa kuweka meza ya maua. Nikamuuliza kwa nini hakunitumia hata ujumbe. Akanitazama, akamtazama mtoto, akajibu kwa upole kabisa:

"Tulidhani hutarudi."

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi. Angenitukana ningejua la kujibu. Lakini yeye hakuwa na ubaya wowote, hivyo ndivyo alivyojiona. Kwake mwanamke akizaa ni kama ameaga. Nilitaka kumwambia maneno mengi, lakini Chepkoech akaanza kulia na maziwa yakanitoka mpaka kwenye blauzi mbele ya wale wapanga viti. Nikaondoka. Nawaambia hivi ili mjue kwamba siku ile sikushinda chochote.

Sasa sikilizeni jambo la kazi, mtalihitaji siku moja. Suke la ngano lililokatwa kabla ya kukomaa halijafa. Kama punje zimeshaanza kujaa, weka mashina kwenye maji yenye sukari kidogo, mahali penye mwanga lakini si juani. Kila asubuhi badilisha maji na ukate mwisho wa shina kiasi cha upana wa kidole, ili liendelee kunywa. Nilifanya hivyo kwenye ndoo mle chumbani Langas. Upande huu beseni la mtoto, upande ule ndoo ya ngano. Majirani walisema yule mama msomi anafuga nyasi. Siku ya tatu nililala nikapitiliza, nikaamka kwa hofu, nikamkuta mama mkwe amepiga magoti na kisu cha jikoni, anakata mashina moja moja. Alikuwa amenitazama mara mbili tu akajua. Aliniuliza kama hii ni ngano ya serikali ama yangu. Nikamwambia sijui tena. Akasema basi ngano isiyo na mwenyewe itapandwa kwake.

Tulipata punje hamsini na kitu, zimesinyaa, nyepesi. Zikapandwa Sugoi, nyuma ya jiko lake, ndani ya ua wa miiba wa kuzuia kuku. Kutoa mbegu za kituo kwenda nyumbani ni kosa, na hata leo msifanye. Mimi nilifanya kwa sababu kituo kilikuwa kimenionyesha kinavyozifanya mbegu zangu. Kila msimu nilienda Jumamosi na mtoto, nikachagua mimea mizuri, nikazihifadhi mbegu zake, tukapanda tena. Mzee Songok alikuja mara nyingine kwa baiskeli yake, mwendo mrefu, akisema anapita tu. Hakuna mtu anayepita Sugoi na kibano mfukoni.

Kituoni niliendelea na kazi zingine. Chepkoech alipokuwa na miaka miwili alishikwa na kichomi, akalazwa hospitali ya misheni kule Plateau. Ilikuwa katikati ya siku za kuchavusha. Niliomba ruhusa ya siku tatu. Mkubwa alisema watoto huugua na hupona, ngano haingoji. Hapo alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma. Nilienda bila ruhusa. Niliporudi nilikuta barua ya onyo. Yeye mwezi uliotangulia alikuwa amekosa kazini siku nne kwa harusi ya binamu yake, na tulimnunulia keki.

Lakini kuna jambo ambalo sikulisema ukumbini kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Pale Plateau nilimshika mtoto wangu anayepumua kwa taabu, kifua kinaingia ndani, na kichwani mwangu nilikuwa nahesabu siku za masuke. Leo ni siku ya pili. Kesho ni ya tatu. Nilijichukia. Halafu niliporudi shambani, mkono umeshika kibano, nilikuwa nasikia kile kifua. Mkiambiwa kuna namna ya kuviweka viwili hivi kwenye mizani vikatulia, mwulizeni anayesema alilala hospitali gani. Masuke yangu niliyakuta yamechavushwa yote. Mzee Songok alikuwa ameyamaliza peke yake, na kwenye kila kibandiko, chini ya tarehe, akaandika jina langu.

Kutu ilikuja msimu uliofuata. Madonda mekundu kama vumbi la matofali, ukipita kati ya mistari suruali inabaki nyekundu. Kipande cha Mkubwa, aina aliyokuwa anaitegemea, kilikauka chote. Mashamba ya wakulima vilevile, kuanzia mjini mpaka huko mbele. Kule Sugoi, nyuma ya jiko, mistari mingi ililala. Minne ilisimama. Nilipiga magoti nikaangalia shina kwa shina, nikakuta vidoa vidogo tu vilivyokufa kabla ya kupasuka. Nililia hapo kwenye matope, na kuku wa mama mkwe wakinitazama.

Ilibidi nimwambie Mkubwa. Ningeweza kuficha, lakini nimefanya hii kazi ili watu wale. Alikuja na gari la kituo na vijana wanne wa kuvuna. Alitembea kwenye ile mistari muda mrefu. Hakuniuliza ngano imefikaje pale, maana alijua jibu lingeanzia kwenye hema. Kisha akaagiza ivunwe na ipelekwe kituoni. Walipomaliza kufunga magunia, mama mkwe alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama mbele ya mlango wa nyuma wa gari. Aliuliza haya magunia yameandikwa nini. Kijana mmoja akasema hayajaandikwa, yataandikwa ofisini.

"Yaandikwe hapa," akasema. "Jina la mke wa mwanangu. Mimi nasoma Biblia, kwa hivyo nitaona kama umeandika lingine."

Mkubwa alijaribu kumwelezea taratibu. Alimwita Mama, akatabasamu. Mama mkwe hakubishana wala hakupaza sauti. Aliketi tu kwenye magunia. Walisubiri wakachoka, mwishowe Mkubwa akampa kijana kalamu. Akaandika Salome Jerotich kwenye kila gunia, na mama mkwe akasoma kila moja kwa sauti, polepole, kama anasoma majina ya waliobatizwa, ndipo akainuka.

Ningependa kuishia hapo. Lakini magunia si karatasi. Ngano ile ilijaribiwa mahali pengi, ikapita, ikafika kwa wakulima, na siku ya kutangazwa niliona orodha ya wazalishaji. La kwanza lilikuwa jina la Mkubwa. La pili la mtu ambaye hajawahi kufika Sugoi. Mimi niliwekwa chini, kwenye mstari wa kushukuru waliosaidia. Wakati huo nilikuwa na watoto watatu na mdogo bado ananyonya. Niliandika barua, nikajibiwa suala langu linashughulikiwa. Nikaandika nyingine. Nilipeleka madaftari yangu yote, ya penseli, kila oanisho na siku yake. Mtu mmoja wa juu aliniambia kwa kunihurumia kwamba mama mwenye familia changa hana haja ya kujitafutia uadui. Nilimwambia familia yangu changa ndiyo imenifundisha kutolala. Miaka minne. Mwishowe jina langu likaongezwa, la tatu. Kazi ilikuwa yangu, na nikapewa nafasi ya tatu, na nilitakiwa kushukuru.

Na hasira yangu kubwa kuliko zote iko hapa, na inanielekea mimi. Jina la Mzee Songok halimo. Nilipokuwa napigania langu niliambiwa fundi hawekwi kwenye orodha, na nilikuwa nimechoka, na niliogopa nikiongeza lake nitapoteza langu. Nikanyamaza. Alistaafu, akapewa saa ya ukutani. Nilimtembelea kabla hajafa, nikamwomba msamaha. Alisema yeye alijua nani aliyekata yale masuke, hiyo inatosha. Haitoshi. Ninawaandikia nyinyi ili angalau nyinyi mjue. Mkifika kwenye meza ya kuandika majina, mwandikeni na yule aliyekuwa amepiga magoti karibu nanyi.

Nilipokuja kuwa mkuu wa idara, nilifanya jambo moja ambalo sikumwomba mtu ruhusa. Akina mama wa vibarua walikuwa wakitoka Langas alfajiri kuja kupalilia, na watoto wao wachanga hawakuruhusiwa kupita langoni. Nilitoa magunia matupu kwenye chumba cha pembeni mwa ghala la mbegu, kikapakwa rangi, tukaweka mikeka, mlango wenye komeo kwa ndani, na mama mmoja mtu mzima wa kuangalia watoto. Chumba kilikuwa cha mama wa kibarua na cha mama mwenye shahada, hakikuwa na viwango. Niliandikiwa kwamba kituo ni cha kutafiti mimea. Nikajibu kwamba mimea inatafitiwa na watu, na watu huzaliwa. Nadhani barua hiyo bado iko kwenye faili.

Mwezi uliopita nilienda kituoni kuwasalimia. Nilipoingia kwenye choo cha wanawake nilisikia mtoto ndani. Nikangoja. Akatoka binti mmoja, mtafiti mpya, mtoto kifuani, macho mekundu. Alikuwa amemleta kwa sababu yaya hakufika, na alikuwa akimnyonyesha amekaa juu ya choo. Nikamuuliza kwa nini hajaenda kwenye chumba. Aliniuliza chumba gani. Nikamshika mkono tukaenda mpaka ghalani. Chumba kimejaa kompyuta mbovu mpaka dirishani. Rangi yetu bado iko ukutani.

Nina magoti mabaya na daktari amenikataza kubeba vitu. Nilivua koti. Binti aliniambia, "Mama, wacha tuombe ruhusa kwanza." Nikamwambia mimi nimeshaomba kwa miaka yangu na ya kwake. Akamlaza mtoto kwenye koti langu, akashika upande mmoja wa mashine ya kwanza. Wanawake wawili waliokuwa wakipepeta mbegu wakaona, wakaacha nyungo zao, wakaja. Tulizibeba moja moja tukazipanga kwa mstari mahali ambapo mkurugenzi huegesha gari lake, kwa sababu ndipo palikuwa karibu, tena tambarare.

Mkurugenzi alifika tukiwa bado tunatoa za mwisho. Ni kijana mzuri, nilimfundisha mimi kutumia kibano. Alitazama zile kompyuta, akanitazama, akauliza kwa heshima sasa watazipeleka wapi. Nikamwambia sijui, mimi nimestaafu, nimekuja tu kusalimia. Nyuma yangu binti aliingia na mtoto wake, akafunga mlango, nikasikia komeo likigonga kwa ndani. Nikavuta kompyuta moja, nikaiketia mbele ya mlango, na kila aliyekuja na swali nikamwambia asubiri, mtoto ananyonya.